Ndege za injini mbili na za injini nne

Ndege za injini mbili na ndege za injini nne ni aina mbili kuu za ndege kubwa za abiria zilizotumika katika safari ndefu tangu miaka ya 1930. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba wingi wa injini ndio usalama: ndege yenye injini nne ikipoteza moja hubaki na tatu, lakini yenye mbili hubaki na moja tu. Leo karibu ndege zote mpya za abiria, kubwa kwa ndogo, zina injini mbili, nazo huvuka bahari ambazo zamani zilikatazwa kuzivuka.

Idadi ya injini peke yake haielezi usalama wa ndege. Mambo matatu yana uzito zaidi: kila injini huzimika mara ngapi, kama sababu iliyozima injini moja inaweza kuzima na nyingine, na kama ndege inaweza kufika uwanjani kwa nguvu iliyobaki. Historia ya usafiri wa anga katika Afrika ya Mashariki ina mifano ya yote matatu.

Kwa wakazi wa wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, suala hili si la mbali. Uwanja wa karibu wenye safari za ratiba uko Songea, na ndege ya Air Tanzania inayotua pale ni pangaboi yenye injini mbili.

## Aina za injini

Ndege za abiria za kwanza zilitumia injini za pistoni, zinazofanya kazi kwa namna ya injini ya gari. Ndani yake kuna pistoni, vali na mikono ya chuma inayokwenda na kurudi maelfu ya mara kwa dakika. Sehemu hizo huchakaa haraka, na injini kuzimika angani lilikuwa jambo la kawaida kiasi cha marubani kulitarajia.

Injini ya jeti ilibadilisha hali hiyo. Sehemu zake kuu huzunguka tu, tena kwa upande mmoja, bila kwenda na kurudi. Kwa sababu hiyo hudumu muda mrefu zaidi na huzimika mara chache sana.

Ndege ambazo Watanzania huziita pangaboi zina rafadha (propela) kwa nje, lakini rafadha hiyo huzungushwa na injini ya aina ya jeti. Abiria wengine hudhani pangaboi ni teknolojia ya zamani kwa sababu wanaiona rafadha ikizunguka. Kwa kweli injini yake ni ndugu wa injini ya jeti kuliko ya zile za pistoni. Rafadha hutumika kwa sababu inafaa kwa safari fupi na viwanja vifupi, na hula mafuta kidogo.

## Hesabu ya kuzimika kwa injini

Tuchukue mfano wa kufikirika. Injini fulani huzimika mara 1 katika saa 100,000 za kufanya kazi. Ndege yenye injini mbili za aina hiyo itapatwa na kuzimika kwa injini moja mara 1 kwa kila saa 50,000 za kuruka. Ndege yenye injini nne itapatwa nalo mara 1 kwa kila saa 25,000. Kwa hiyo ndege ya injini nne hupata hitilafu ya injini mara nyingi zaidi, kwa sababu tu ina injini nyingi zaidi za kuharibika.

Swali la pili ni hatari ya kupoteza injini zote. Ndege ya injini mbili ikibaki na moja, injini hiyo inatakiwa kufanya kazi mpaka ndege itue. Ikiwa uwanja uko umbali wa saa 3, uwezekano wa injini iliyobaki kuzimika nayo katika muda huo ni 3 kwa 100,000. Tukizidisha 2 kwa 100,000 na 3 kwa 100,000 tunapata 6 kwa bilioni 10, yaani mara 1 katika takriban saa bilioni 1.7 za kuruka.

Sasa tuchukue injini dhaifu zaidi, inayozimika mara 1 katika saa 5,000. Hesabu ileile inatoa mara 1 katika takriban saa milioni 4.2. Injini ni dhaifu mara 20, lakini hatari ya kupoteza zote mbili ni kubwa mara 400. Uwanja ukiwa umbali wa saa 1 badala ya saa 3, hatari hiyo hupungua hadi theluthi moja.

Mfano huu unaonyesha mambo mawili. Kuboresha kila injini husaidia kuliko kuongeza idadi ya injini, na muda wa kuruka kwa injini moja ni lazima uwekewe kikomo. Hata hivyo, hesabu hii ina sharti kubwa: ni sahihi tu ikiwa kila injini inazimika kwa sababu yake yenyewe, bila uhusiano na nyingine. Sharti hilo si mara zote hutimia, kama inavyoelezwa hapa chini.

## Kanuni ya dakika 60 na ETOPS

Mwaka 1953 Marekani iliweka kanuni kwamba ndege ya abiria yenye injini chini ya nne isipite mahali palipo mbali na uwanja kwa zaidi ya dakika 60, kwa mwendo wa injini moja ikiwa imezimika. Ndege za injini tatu zilisamehewa kanuni hiyo mwaka 1964. Ndege za injini mbili zilibaki nayo, na ndiyo sababu safari za kuvuka bahari kubwa zilikuwa za ndege kama Boeing 707, Boeing 747 na VC10, zote za injini nne.

Injini za jeti zilipoendelea kuboreka, kanuni hiyo ilianza kulegezwa kwa masharti. Utaratibu mpya hujulikana kwa kifupi kama ETOPS. Mwaka 1985 ndege ya Boeing 767 ya shirika la TWA ilivuka Atlantiki kwa kibali cha dakika 120. Miaka michache baadaye kikafika dakika 180. Mwaka 2014 Boeing 787 ilipewa hadi dakika 330, na Airbus A350-900 hadi dakika 370.

Kibali hutolewa kwa aina ya ndege pamoja na injini zake, halafu kila shirika la ndege hutakiwa kuthibitisha kwa mamlaka ya nchi yake kwamba lina mafundi, vipuri na marubani wa kutosha kukitumia. Kwa viwango vya Marekani, injini za ndege yenye kibali cha dakika 120 hazitakiwi kuzimika angani zaidi ya mara 1 katika saa 20,000. Kwa dakika 180 kiwango ni mara 1 katika saa 50,000, na zaidi ya hapo ni mara 1 katika saa 100,000. Injini zikizidi kiwango hicho, kibali kinaweza kupunguzwa.

Upunguzaji wa namna hiyo umewahi kutokea. Mwaka 2018 baadhi ya ndege za Boeing 787 zenye injini za Rolls-Royce Trent 1000 zilipunguziwa kibali kutoka dakika 330 hadi dakika 140, baada ya nyufa kugunduliwa katika mabapa ya injini hizo.

## Historia katika Afrika ya Mashariki

Mwaka 1937 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianza kutumia ndege za majini za Short Empire katika njia ya kutoka Southampton hadi Durban. Ndege hizo zilikuwa na injini nne za pistoni na zilitua juu ya maji mahali kama Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Ziwa Nyasa nalo liliwahi kuwa kituo cha ndege za injini nne: katika miaka ya 1949 na 1950 ndege za majini za Short Solent za shirika la BOAC zilitua Cape Maclear, kusini mwa ziwa, ambako sasa ni nchi ya Malawi.

East African Airways, shirika la pamoja la nchi za Afrika ya Mashariki, lilianza kazi mwaka 1946 likiwa na ndege ndogo sita za de Havilland Dragon Rapide, zenye injini mbili za pistoni. Kwa safari za ndani lilitumia baadaye DC-3 na Fokker F27, zote za injini mbili. Kwa safari za Ulaya lilinunua de Havilland Comet 4 mwaka 1960 na Super VC10 kuanzia mwaka 1966, zote za injini nne.

Sababu ya kuchagua VC10 haikuwa bahari peke yake. Ndege hiyo ilibuniwa kwa ajili ya viwanja vilivyo juu na vyenye joto, kama Nairobi, ambao uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi: injini hutoa nguvu kidogo, na mabawa hubeba uzito mdogo. Kwa injini za wakati ule, nne zilihitajika ili ndege ipae ikiwa na abiria na mafuta ya kutosha.

East African Airways ilivunjika mwaka 1977, na Air Tanzania ikaanzishwa mwaka huohuo. Leo mashirika ya Air Tanzania, Kenya Airways, Uganda Airlines, RwandAir na Ethiopian Airlines yote hutumia ndege za injini mbili kwa safari zao za mbali. Boeing 787 ya Air Tanzania huvuka Bahari ya Hindi kwenda Mumbai kwa injini mbili. Tangu Oktoba 2018 Kenya Airways imesafiri kutoka Nairobi hadi New York bila kusimama, ikivuka Atlantiki kwa injini mbili.

## Injini zote zinapozimika pamoja

Hatari kubwa kwa ndege yoyote ni sababu moja inayofikia injini zote. Ni kama mashua ya ziwani yenye mashine mbili zinazotumia dumu moja la petroli: maji yakiingia katika petroli, mashine zote mbili huzimika, na ya tatu au ya nne isingesaidia. Sababu za namna hiyo ni hasa zifuatazo.

Kuishiwa mafuta. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ilitekwa na watu watatu waliotaka ipelekwe Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, lakini hawakumsikiliza. Injini zote mbili zilizimika karibu na Komori, na ndege ikaanguka majini karibu na ufuko wa kisiwa cha Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Ndege ya injini nne ingeishiwa mafuta vilevile.

Ndege wa angani. Tarehe 15 Septemba 1988 ndege ya Boeing 737 ya Ethiopian Airlines ilipaa kutoka Bahir Dar, kando ya Ziwa Tana, ikagonga kundi la njiwa. Injini zote mbili ziliharibika. Marubani walilazimika kutua nje ya uwanja, na watu 35 kati ya 104 walikufa. Injini nne nazo si kinga kamili: tarehe 4 Oktoba 1960 ndege ya Lockheed Electra ya injini nne iligonga kundi la kwezi mjini Boston, Marekani. Injini tatu zilipoteza nguvu, na watu 62 kati ya 72 walikufa.

Majivu ya volkeno. Tarehe 24 Juni 1982 ndege ya Boeing 747 ya British Airways iliingia katika wingu la majivu ya mlima Galunggung, Indonesia, wakati wa usiku. Injini zote nne zilizimika. Ndege ilielea bila nguvu mpaka ilipotoka katika majivu, injini zikawashwa tena, nayo ikatua Jakarta salama. Tukio kama hilo lilitokea tena Alaska mwaka 1989, kwa Boeing 747 ya KLM, na injini zote nne zilizimika.

Kosa la fundi linalorudiwa. Tarehe 5 Mei 1983 ndege ya Lockheed TriStar ya injini tatu ilipaa kutoka Miami, Marekani. Mafundi walikuwa wamesahau kuweka mipira ya kuzuia mafuta yasivuje katika injini zote tatu. Oili ilivuja, injini moja ikazimwa, kisha nyingine mbili zikazimika. Marubani walifaulu kuwasha moja na kurudi salama. Kutokana na mafunzo ya namna hii, taratibu za ETOPS huzuia fundi yuleyule kufanya kazi ileile katika injini zote mbili kwa wakati mmoja bila ukaguzi wa mtu mwingine.

Ndege isiyo na nguvu yoyote haianguki kama jiwe. Ndege kubwa ya abiria huweza kuelea takriban kilomita 15 mbele kwa kila kilomita 1 ya kimo inachopoteza. Tarehe 24 Agosti 2001 Airbus A330 ya Air Transat ilivuja mafuta juu ya Atlantiki, injini zote mbili zikazimika, lakini ilielea kwa takriban dakika 19 na kutua katika visiwa vya Azori. Watu wote 306 walipona.

## Ajali ambazo idadi ya injini haikuwa chanzo

Ajali nyingine zinazokumbukwa zaidi katika Afrika ya Mashariki, au za mashirika yake, hazikutokana na injini chache:

* 18 Aprili 1972, Addis Ababa: Super VC10 ya East African Airways, injini nne. Ndege ilikanyaga kifaa cha chuma ikiwa katika mbio za kupaa, tairi la mbele likapasuka. Rubani alijaribu kusimama, lakini breki hazikufanya kazi ipasavyo. Watu 43 kati ya 107 walikufa.
* 20 Novemba 1974, Nairobi: Boeing 747 ya Lufthansa, injini nne. Vipande vya mbele ya mabawa vinavyosaidia kupaa havikuwa vimefunguliwa. Watu 59 kati ya 157 walikufa. Hiyo ilikuwa ajali ya kwanza ya Boeing 747 kuua watu.
* 30 Januari 2000, Abidjan: Airbus A310 ya Kenya Airways, injini mbili. Kengele ya tahadhari ililia bila sababu mara baada ya kupaa, na ndege ikaingia baharini. Watu 169 kati ya 179 walikufa.
* 5 Mei 2007, Douala: Boeing 737-800 ya Kenya Airways, injini mbili. Marubani walipoteza mwelekeo gizani baada ya kupaa. Watu wote 114 walikufa.
* 6 Novemba 2022, Bukoba: ATR 42-500 ya Precision Air, pangaboi ya injini mbili. Ndege iliingia Ziwa Viktoria ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 kati ya 43 walikufa. Wavuvi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika kuokoa.

Katika ajali hizi tano, injini hazikuwa chanzo. Hali ya hewa, maamuzi ya marubani, matengenezo na hali ya njia ya kurukia vilikuwa na uzito zaidi.

## Injini moja ikizimika wakati wa kupaa

Wakati mgumu zaidi wa kupoteza injini ni ndege inapopaa, kwa sababu iko chini, ni nzito na haina kasi kubwa. Kabla ya kila safari marubani hukokotoa kasi ya uamuzi. Injini ikizimika kabla ya kasi hiyo, ndege husimamishwa. Ikizimika baada yake, ndege huendelea kupaa kwa nguvu iliyobaki, kisha hurudi kutua.

Kanuni za usanifu hudai kwamba, magurudumu yakiwa yamekunjwa na injini moja imezimika, ndege ya injini mbili iweze kupanda angalau mita 2.4 kwa kila mita 100 inazokwenda mbele. Kwa ndege ya injini nne kiwango ni mita 3.0. Ndege ya injini mbili hupoteza nusu ya nguvu yake, na ya injini nne hupoteza robo. Kwa hiyo ndege ya injini mbili hulazimika kuwa na nguvu ya ziada nyingi. Injini zote zikifanya kazi, hupanda haraka kuliko ndege nyingi za injini nne.

Katika viwanja vya juu au vyenye joto, nguvu ikipungua, kinachopunguzwa ni uzito. Ndiyo sababu wakati mwingine mizigo huachwa nyuma au idadi ya abiria hupunguzwa hata kama ndani ya ndege kuna nafasi.

Nguvu ya ziada haisaidii marubani wakikosea. Tarehe 4 Februari 2015 ndege ya ATR 72 ya TransAsia ilipoteza nguvu ya injini moja baada ya kupaa Taipei. Rubani alizima kwa makosa ile iliyokuwa nzima. Watu 43 kati ya 58 walikufa. Kosa kama hilo lilitokea Uingereza tarehe 8 Januari 1989 kwa Boeing 737 ya British Midland, na watu 47 walikufa. Kwa hiyo marubani hurudia zoezi la injini moja kuzimika mara kwa mara katika mashine ya kuigiza urukaji.

## Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa

Mji wa Mbinga uko takriban kilomita 100 kutoka Songea kwa barabara. Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyotengwa na Mbinga mwaka 2012, uko kilomita nyingine zaidi ya 60 kuteremka ziwani. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 900. Kwa njia ya hewa ni takriban kilomita 580.

Air Tanzania hutumia katika njia hiyo ndege za De Havilland Dash 8 Q400, ambazo mbili za kwanza zilifika nchini Septemba 2016. Ndege hiyo ina injini mbili za Pratt & Whitney Canada PW150A, kila moja ikiwa na nguvu ya farasi 5,071, na rafadha zenye mabapa sita.

Mtangulizi wake, Dash 7, alikuwa na injini nne. Ndege hiyo ya abiria 50 hivi ilibuniwa kwa viwanja vifupi na ilitumika pia Kenya, katika safari za watalii kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi. Kila injini yake ilikuwa na nguvu ya farasi takriban 1,120. Zote nne kwa pamoja zilitoa takriban 4,480, chini ya injini moja tu ya Q400. Ndege iliyobeba watu 50 kwa injini nne ilirithiwa na ndege inayobeba zaidi ya 70 kwa injini mbili.

Kanuni ya dakika 60 haiisumbui safari ya Songea. Hata ndege ikiwa katikati kabisa ya njia, iko takriban kilomita 290 kutoka Songea au Dar es Salaam. Ikienda kwa injini moja kwa kasi ya kilomita 400 kwa saa, itafika uwanja mmojawapo kabla ya dakika 45 kwisha. Injini ya pangaboi ikizimika, mabapa ya rafadha yake hugeuzwa yaelekeze makali mbele, ili yasizuie hewa na kuivuta ndege nyuma.

Kwa abiria wa Mbinga, basi, jambo la kuangalia si idadi ya rafadha anazoziona dirishani. Uwanja wa Songea uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya milima yenye mvua nyingi kati ya Novemba na Aprili. Rubani anayeamua kurudi au kwenda uwanja mwingine kwa sababu ya mawingu hulinda maisha zaidi kuliko injini ya tatu ambayo ingeweza kufungwa chini ya bawa.

## Hitilafu za injini na ndege kukaa chini

Siku hizi hitilafu ya injini humfikia abiria zaidi kama safari iliyofutwa kuliko kama ajali. Mnamo Novemba 2022 Air Tanzania ilitangaza kwamba baadhi ya ndege zake za Airbus A220-300 zimesimamishwa kwa sababu ya matatizo ya injini zake za Pratt & Whitney PW1524G. Tatizo hilo halikuwa la Tanzania peke yake. Injini za familia hiyo zimefanya ndege nyingi duniani kukaa chini zikisubiri matengenezo na vipuri.

Hapa ndege ya injini nne ina faida moja ya kweli. Injini yake ikiharibika mbali na nyumbani, inaweza kuruhusiwa kurudi bila abiria kwa injini tatu ili itengenezwe. Ndege ya injini mbili haiwezi kupaa kwa injini moja. Ikiharibika katika uwanja kama Songea, hukaa hapo mpaka mafundi na vipuri, au injini nzima, viifuate. Kwa shirika lenye ndege chache, ndege moja kukaa chini huvuruga ratiba ya mikoa kadhaa.

## Kupungua kwa ndege za injini nne

Ndege za injini nne hazikuachwa kwa sababu zilionekana hatari. Ziliachwa kwa sababu ya gharama: injini nne zinahitaji mafundi, vipuri na mafuta zaidi ya injini mbili zenye jumla ya nguvu ileile. Wakati huohuo injini zilikuwa kubwa zaidi. Injini moja ya GE90 ya Boeing 777-300ER hutoa msukumo wa takriban kilonewtoni 510, zaidi ya mara mbili ya injini moja ya Boeing 747 za kwanza.

Airbus A340 ilitengenezwa mpaka mwaka 2011. Airbus A380 ya mwisho, ya 251, ilikabidhiwa kwa Emirates Desemba 2021. Boeing 747 ya mwisho, ya 1,574, ilikabidhiwa tarehe 31 Januari 2023 kama ndege ya mizigo. Ndege za injini nne zilizobaki bado zinaruka, na abiria wa Afrika ya Mashariki wanaopitia Dubai huweza kupanda A380. Katika jeshi na misaada ya dharura, ndege kama C-130 Hercules ya injini nne bado hutumika sana.

## Tazama pia

* Air Tanzania
* East African Airways
* Uwanja wa ndege wa Songea
* Wilaya ya Mbinga
* Wilaya ya Nyasa
* Ziwa Nyasa